Antena: Jina la Fimbo au la Mfumo Mzima?

Dereva anayetoka Bigwa kuelekea Mkuyuni, Matombo na Kisaki anaifahamu hali hii. Redio iliyokuwa ikisikika vizuri mjini Morogoro inaanza kukwaruza, inakatika, kisha unabaki mvumo mtupu. Asiporidhika na usikivu hata baada ya kurudi mjini, anakwenda kwa fundi na kumwambia, "Antena imekufa." Fundi anafungua fimbo iliyo juu ya paa, anafunga mpya, analipwa. Kesho yake redio inakwaruza vilevile. Dereva alitaja antena akimaanisha fimbo, fundi naye akaelewa fimbo, na ugonjwa ukaachwa mahali pengine ambapo hakuna aliyepatazama.

Kwa maana yake ya kitaalamu, antena ni kifaa kinachonasa mawimbi ya redio yaliyo hewani na kuyageuza kuwa umeme mdogo sana ndani ya waya, au kinachogeuza umeme wa mtambo kuwa mawimbi na kuyarusha hewani. Kazi hizo mbili zote ni zake. Minara ya mawasiliano inayoonekana kwenye kilele cha Bondwa, juu ya mji wa Morogoro, imebeba antena. Simu iliyo mfukoni ina antena zinazopokea na kurusha. Ile ya redio ya gari hupokea tu.

Neno lenyewe lina asili ya baharini. Katika Kilatini lilikuwa jina la foromali, yaani mti unaobeba tanga la chombo. Wanasayansi wa viumbe wakaliazima kutaja vipapasio vya wadudu. Guglielmo Marconi alipofanya majaribio yake ya mawasiliano bila waya nchini Italia mwaka 1895, aliutundika waya wake kwenye nguzo ndefu, na Waitaliano walikuwa wakiita nguzo ya namna hiyo antenna. Jina la nguzo likahamia kwenye kifaa. Kiswahili kimelipokea kwa herufi moja tu ya n na kuliweka katika ngeli ya I-/ZI-: antena imelegea, antena zimelegea.

Yapo majina mengine yanayoshindana nalo. Wapo wanaosema eriali, na msikilizaji huwaelewa, lakini neno hilo halina nguvu katika karakana za Tanzania. Wapo wanaopendekeza kinasa mawimbi au kipokezi. Maneno hayo ni ya Kiswahili safi na yanapendeza masikioni, ila yanataja nusu ya kazi. Antena iliyo kwenye mtambo wa kituo cha redio hainasi kitu, inarusha. Tena kipokezi ni jina linaloifaa zaidi redio yenyewe. Mlingoti nao ni ule mti unaoishikilia antena, na antena iliyochorwa kwa nyaya nyembamba ndani ya kioo cha nyuma cha gari haina mlingoti wowote.

Kiswahili hakishindwi kuunda maneno. Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia, kwa kuanzia na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno king'amuzi liliingia majumbani na likakaa, kwa sababu linaeleza kazi ya kifaa bila kuacha kitu. Kwa hiyo kukubali antena si uvivu. Ni kuchagua neno linalobeba maana yote kuliko linalobeba nusu yake.

Kinachohitaji kurekebishwa ni mipaka ya neno. Antena ya gari iliyo ya fimbo ni mfumo wenye sehemu tano: fimbo, kitako kinachoishikilia, kebo inayoshuka hadi kwenye dashibodi, plagi inayochomekwa nyuma ya redio, na bodi ya gari. Bodi imo kwa sababu chuma chake hukamilisha kazi ya fimbo. Kitako kisipogusa chuma safi, fimbo hata iwe mpya itafanya kazi nusunusu.

Urefu wa fimbo nao haukuchaguliwa kwa urembo. Matangazo ya FM hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Kwenye megahezi 100 wimbi moja lina urefu wa mita 3 hivi, na fimbo hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Ndiyo maana fimbo fupi za magari mengi ya siku hizi husaidiwa na koili, na mara nyingi na kikuza mawimbi, ambacho mafundi hukiita busta. Busta hutumia umeme wa gari. Waya wake ukikatika wakati wa kufunga redio mpya, usikivu huanguka ingawa fimbo ni nzima.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama mahali ulipo. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600, huyakinga. Gari lililo upande wa pili wa safu, iwe kwenye mabonde ya Matombo au kwenye kona za Mgeta, linaweza kupoteza kituo cha mjini bila kuwa na ubovu wowote. Simama mahali palipo wazi, kisha linganisha na gari jingine papo hapo.

La pili ni asili ya gari. Magari mengi yetu ni yaliyotumika Japani, na redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la huko huishia megahezi 90. Vituo vilivyo juu ya hapo haviwezi kupatikana hata ukifunga antena ya dhahabu. Dawa yake ni kubadili redio, au kufunga kibadilisha masafa kati ya kebo ya antena na redio.

Yakishaondolewa hayo mawili, pima. Chomoa plagi nyuma ya redio, kisha ingiza waya wa sentimita 75 kwenye tundu la katikati la soketi. Redio ikishika, redio ni nzima na ubovu uko kwenye antena. Isiposhika, usinunue fimbo.

Kwa antena isiyo na busta, mita humaliza ubishi. Kati ya pini ya katikati ya plagi na fimbo, mita isome karibu na sifuri omu. Isiposoma hivyo, kuna waya uliokatika. Kati ya pini hiyo na ganda la nje la plagi, isionyeshe mawasiliano yoyote. Ikionyesha, kebo imegusana ndani. Kati ya ganda na bodi, isome tena karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, tafuta kutu au rangi chini ya kitako. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na mpira wa kitako ukishapasuka maji hushuka ndani ya kebo. Fungua kitako, kwangua kutu kwa msasa, kausha, badilisha mpira, kaza. Kebo iliyooza ndani ibadilishwe yote.

Makelele yanayopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini hupimwa kwa kuchomoa antena redio ikiwa inawaka. Yakiisha, yalikuwa yakiingilia kwenye antena, na mara nyingi kosa ni kitako kisichoshika bodi. Yakibaki, yanapita kwenye nyaya za umeme. Tazama altaneta na waya wa ethi wa redio. Chomoa pia chaja ya simu, maana chaja hafifu huvuruga redio.

Kila kipimo kati ya hivyo kinagusa sehemu yenye jina lake. Fundi aliyefundishwa kwamba antena ni fimbo hana sababu ya kuvifanya. Kwa hiyo rai yangu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na kwa walimu wa Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro ni moja: antena ibaki kuwa jina la mfumo mzima, na kila sehemu ifundishwe kwa jina lake, yaani fimbo ya antena, kitako cha antena, kebo ya antena, plagi ya antena. Nawe dereva, ukifika karakana usiseme antena imekufa. Muulize fundi ni sehemu gani, na umwombe aipime mbele yako kabla hujatoa fedha.