Mji Uliochorwa kwa Mtembea kwa Miguu

Ukiuliza miji mizuri ya kuishi duniani utatajiwa Vienna, Copenhagen, Melbourne. Sifa zenyewe si maghorofa. Ni maji bombani, basi lisilokuchelewesha, mti wa kukaa kivulini, shule ambayo mtoto anaifikia kwa miguu. Basi sikiliza: sisi hayo tuliyachora zamani.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Ramani ya mji ilitoka 1976, kazi ya kampuni moja ya Toronto, Canada. Brasilia, iliyozinduliwa 1960, ilijengewa magari na majengo ya kutisha macho. Dodoma ikakataa makuu hayo. Ilitaka mitaa yenye huduma zake karibu, iunganishwe na njia za mabasi. Mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli watangulie, gari la mkubwa lifuate. Ujamaa wa penseli, bwana!

Pesa hazikuja. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vya 1978-79 vikakomba hazina, na wakubwa wakabaki Dar es Salaam wakila upepo wa bahari. Bunge lilihamia 1996. Serikali yenyewe ilianza kuhama kwa kishindo baada ya tangazo la Rais Magufuli, 2016.

Kinachouma zaidi ni ardhi. CDA ndiyo iliyoishika ardhi ya mji. Mwananchi alipewa hati ya miaka 33 tu, na aliyejenga nje ya ramani alivunjiwa. Chukua mtu wa Chang'ombe. Kiwanja cha kupimwa hakipati, au bei inamshinda, na usiku lazima alale mahali. Anafyatua tofali, anajenga. Ramani inapendeza ukutani ofisini. Yeye anasikilizia katapila. Mei 2017 CDA ikavunjwa, kazi zake zikaenda manispaa, na hati zikaongezwa kufikia miaka 99. Wengine walikuwa wameshazeeka wakisubiri.

Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya 765,000 jijini, katika nchi kavu ambayo mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Na Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, mashariki huko, barabara ya Dar es Salaam. Karani anayepanga Nkuhungu, magharibi, anavuka jiji zima kwa daladala kwenda kazini. Wachoraji wa 1976 wangemuuliza: kwa miguu ungefika saa ngapi?