Besi ya Kariakoo na Masikio Yaliyoingoja

Wapo wapenzi wa muziki wanaodai kwamba sabufa za Kariakoo zimeharibu masikio ya mji: besi inammeza mwimbaji, na mnunuzi huridhika pale tu kioo cha duka kinapotetema. Naona wanaianza historia mwishoni. Tangu redio ilipotwaliwa na serikali mwaka 1965 hadi sheria ya 1993 ilipofungua njia kwa vituo binafsi, Tanzania Bara ilisikiliza Radio Tanzania, tena zaidi kwa masafa ya kati na mafupi, ambayo hufifisha sauti kali za juu. Noti nzito nazo zilifia kwenye spika ndogo ya redio ya betri. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ya namna ile haikuuweza. Kwa hiyo nyimbo za NUTA Jazz na Mlimani Park zilisikika nusunusu nyumbani: maneno yalifika, besi na tumba zikabaki ukumbini, DDC Kariakoo na kwingineko, kwa aliyelipa kiingilio.

Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mitambo ya kaseti ilianza kujaa madukani, na baadaye zikaja sabufa za China. Utasema wafanyabiashara ndio waliowalazimisha watu. Sikubali, maana spika ndogo zisizo na besi hazikupotea sokoni, tena ni rahisi zaidi. Mtu aliongeza fedha ili apate kile alichonyimwa na redio kwa miaka mingi. Isitoshe, katika nyumba ya Kiswahili muziki husikilizwa uani, watu wakipika na kufua, na mahali pa wazi besi hupungua nguvu kwa kukosa kuta za kuirudisha. Kipimo cha msikilizaji aliyeketi chumbani katikati ya spika mbili hakimhusu huyu.

Lawama moja ni ya haki: maelfu ya wati yanayoandikwa kwenye maboksi. Amplifaya inayolishwa volti 12 na ampea 2 haipokei zaidi ya wati 24, boksi liseme litakalo. Ikilazimishwa kupita hapo, mawimbi ya sauti hukatika vichwa na muziki hukwaruza. Huo ni uongo wa lebo, hauna uhusiano na ladha ya mtu, na anayeumia zaidi ni huyohuyo mpenda besi, kwa kuwa noti nzito ndizo zinazodai umeme mwingi.