RCD: herufi tatu, vyama mbalimbali

Huku mashariki ya Congo wazee wanasemaka «wakati wa RCD» sawa vile mutu anataja mwaka. Lakini wa Goma na wa Beni hawasemi RCD moja.

Jina ni la Kifaransa: Rassemblement congolais pour la démocratie, ni kusema mukusanyiko wa Wakongomani kwa ajili ya demokrasia. Chama kilizaliwa Goma mu mwezi wa nane 1998, vita ya pili ilipoanza, chini ya profesa Ernest Wamba dia Wamba. Mwaka haukuisha, wakagawanyika. Waliobaki Goma, wakisaidiwa na Rwanda, wakaitwa RCD-Goma. Wamba akaenda Kisangani, akasaidiwa na Ouganda. Kipande chake kikakuwa RCD-ML, ML ni Mouvement de libération, na baadaye Mbusa Nyamwisi akakiongoza toka Beni. Roger Lumbala naye akatoka na RCD-N, N ya National.

Mapatano ya Pretoria ya 17 desemba 2002 yaliandika hizo tatu kila moja peke yake. Ile ya Goma iliandikwa RCD tu, bila mukia, njo maana watu wanachanganya mpaka leo.

Majeshi pia yalikuwa mbali mbali: ANC kwa Goma, APC kwa RCD-ML. (ANC hiyo haina undugu na chama cha Mandela.)

Kwa mutu anayetoa ushuhuda, mukia ule ni mambo kubwa. Ripoti Mapping ya ONU, iliyotoka 2010, inatenganisha makundi hayo, kila moja na matendo yake. Lumbala alishitakiwa Ufaransa juu ya uhalifu wa 2002 na 2003 upande wa Ituri na Haut-Uélé: hiyo ni kesi ya RCD-N, si ya Goma. Mutu akisema «RCD walichoma kijiji», swali la kwanza ni: RCD gani, na mwaka gani?

Inje ya Congo kuna zingine. Tunisia, RCD ilikuwa chama cha Ben Ali, kikavunjwa 2011. Algeria, chama cha upinzani tangu 1989. Wapenzi wa mupira wanajua RCD Mallorca ya Espania: Real Club Deportivo.

Na ukigeuza herufi mbili za mwisho, unapata RDC, jina ambalo inchi ililirudilia mu mwezi wa tano 1997, miezi kumi na tano tu mbele ya RCD.