"Tin" ikifika Lusangi

Anayetafsiri hati za biashara ya madini kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, atakutana na neno tin mapema sana. Herufi tatu tu, lakini Mwingereza hulitumia kwa metali, kwa kopo la samaki, na hata kwa paa la nyumba. Mfasiri akiandika neno moja mahali pote, msomaji wa Lusangi, Kasongo au Kabambare atapotea.

Asili yake ni ya ukoo wa lugha za Kigermanik: Wajerumani wana Zinn, Waholanzi tin, na zaidi ya ukoo huo mzizi haujulikani. Wafaransa walipita njia nyingine. Étain yao imetoka kwenye stannum ya Kilatini, neno lililotaja kwanza mchanganyiko wa fedha na risasi, na ndilo lililoipa metali hiyo alama ya Sn. Ndiyo maana kile kifupisho cha "3T" (tin, tantalum, tungsten), kinachotajwa kila penye mkutano wa madini mashariki mwa Kongo, hakiwezi kueleweka kwa Kifaransa peke yake: T ya kwanza ni ya Kiingereza.

Kopo lina kisa chake. Mwaka 1810 Peter Durand alipewa hataza Uingereza ya kuhifadhi chakula ndani ya vyombo, vikiwemo vya chuma kilichopakwa tabaka jembamba la metali hii ili kisishike kutu. Jina la tabaka la juu likawa la chombo kizima. Sisi hatuna haja nalo hapo, maana kopo tulishalipata kwa Wareno.

Kuandika "tini" hakufai kabisa. Tini ni tunda la mtini, na sura ya 95 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Kasongo, mji ambamo Uislamu umekaa tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, nani atasoma "bei ya tini" akafikiria mgodi?

Linabaki bati. Tanzania, wanaoandika habari za wachimbaji wa Kyerwa, mkoani Kagera, husema "madini ya bati", nami nawaunga mkono. Ila linapotajwa mara ya kwanza tusiache neno "madini" likadondoka. Mabati ya kuezekea kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki, si bati. Mtu akisikia "bati" tupu, macho yake yanapanda juu ya nyumba.

Panapoumiza hasa ni mtoni. Mchimbaji anaosha mchanga mpaka mwepesi uende na maji, zibaki punje nyeusi au za kahawia, nzito mkononi kuliko zinavyoonekana. Hizo ni kasiteriti, jina lenye mzizi wa Kigiriki, na watu wa Maniema wanalijua vizuri. Bado si bati. Ni bati lililoshikana na oksijeni, na ili litoke lazima liyeyushwe tanuruni pamoja na kaboni, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa hufanyika mbali, Malaysia kwa mfano. Hati ya Kiingereza huweza kuyaita yote mawili tin bila aibu.

Lakini bei ya soko la London ni ya tani ya metali safi. Hata kasiteriti isiyo na uchafu wowote ina bati la asilimia 79 hivi, na mzigo wa kawaida huwa chini ya hapo. Ukiwa na asilimia 65, kilo 100 za kasiteriti zina kilo 65 za bati. Mchimbaji aliyesomewa "bei ya bati" akazidisha kwa kilo zake zote 100 ataona ameibiwa hata pale alipolipwa sawasawa. Na siku akiibiwa kweli, hatakuwa na kipimo cha kumbana mnunuzi. Kwa hiyo stakabadhi ya Kiswahili iwe na mistari mitatu: uzito wa kasiteriti, asilimia iliyopimwa, kisha kilo za bati zinazolipiwa.