Spec Ops: The Line: wachezaji walipogombana kuhusu nani alifyatua risasi

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuongee historia kidogo. Nataka tuitazame gemu moja ya mwaka 2012 ambayo mpaka leo watu wakikutana kuijadili hawakubaliani. Si kuhusu picha zake wala bunduki zake. Wanabishana kuhusu hatia! Yaani, mchezaji aliyebonyeza kitufe ana lawama, au lawama ni ya aliyeandika programu?

Gemu yenyewe inaitwa Spec Ops: The Line. Ni gemu ya kufyatua risasi, unamwona mhusika wako kutoka nyuma ya bega lake, na hadithi ndiyo inayokuvuta mbele. Onyo mapema: nitafichua mambo mengi ya hadithi, hata mwisho wake. Kama unapanga kuicheza, funga ukurasa huu kwanza, urudi baadaye.

Ili uelewe kwa nini ilishtua watu, kumbuka gemu za vita zilivyokuwa wakati huo. Mwaka 2006 Gears of War ilieneza mtindo wa kujibanza nyuma ya ukuta, unachungulia, unapiga, unarudi kujificha. Mwaka 2007 Call of Duty 4 ilileta vita vya kisasa, na kampuni nyingi zikafuata njia hiyo hiyo. Wewe ni askari mwema, adui anatoka upande wa pili, unamaliza kiwango, unapongezwa. Mwaka 2009 Modern Warfare 2 iliweka tukio la mauaji ya raia ndani ya uwanja wa ndege, lakini iliuliza kwanza kama ungependa kuliruka. Na hata ukiingia, ungeweza kutembea bila kufyatua risasi.

Jina Spec Ops lenyewe lilikuwa la zamani. Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 1998, kisha zikafuata nyingine za bei rahisi kwenye PlayStation ya kwanza. Hazikuwa gemu za kukumbukwa sana. Baadaye 2K Games, kampuni iliyo chini ya Take-Two ya Marekani, ikataka kulifufua jina hilo, na kazi ikapewa Yager, studio ya Berlin, Ujerumani, iliyojulikana zaidi kwa gemu ya vyombo vya kuruka ya mwaka 2003. Gemu ilitangazwa Desemba 2009 na ikatoka Juni 2012 kwa PlayStation 3, Xbox 360 na Windows. Ilijengwa juu ya Unreal Engine 3, injini iliyotumiwa na gemu nyingi sana za miaka ile. Kwa ufupi, kwa nje ilifanana na nyingine zote.

Hadithi iko Dubai. Dhoruba kubwa za mchanga zimeufunika mji, na matajiri wengi wameshakimbia. Kanali John Konrad na kikosi chake cha 33 cha jeshi la Marekani walijitolea kuwaokoa waliobaki, kisha mawasiliano yakakatika. Miezi sita baadaye wanatumwa askari watatu tu: Kapteni Martin Walker, ambaye ndiye wewe, pamoja na wenzake Adams na Lugo. Amri ni rahisi. Tafuteni waliosalia, toeni taarifa, rudini. Walker harudi. Anaendelea mbele, na kila hatua anayochukua "kuokoa" inaongeza maiti.

Wanaojua fasihi watakuwa wameshalishtukia jina la Konrad. Linatokana na Joseph Conrad, mwandishi aliyepanda mto Kongo kwa meli ya mvuke mwaka 1890, kisha mwaka 1899 akachapisha Heart of Darkness, hadithi ya mzungu anayemfuata mzungu mwenzake aliyepotoka ndani kabisa ya Kongo. Filamu ya Apocalypse Now ya mwaka 1979 iliihamishia hadithi hiyo Vietnam. Yager na mwandishi mkuu wa gemu, Walt Williams, wakaipeleka Dubai. Kwa hiyo mzizi wa gemu hii uko hapa jirani, kwenye mto wetu wa Kiafrika, ingawa wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani waliijia kupitia filamu.

Sasa tazama hila ya watengenezaji. Sauti ya Walker ni ya Nolan North, yule yule aliyemwigiza Nathan Drake wa Uncharted, shujaa mcheshi anayeua watu kwa mamia huku akitania. Wachezaji waliijua sauti hiyo na wakaiamini. Mwanzoni Walker anatoa amri kwa utulivu kama askari aliyefunzwa. Kadiri unavyoendelea anapiga kelele, anatukana, anawamalizia majeruhi kwa ukatili, uso wake unaungua na kupasuka. Hata ile skrini ya kusubiri gemu ipakie, ambayo kwa kawaida hukupa vidokezo vya jinsi ya kucheza, inageuka na kuanza kukusuta wewe mwenyewe: unajiona shujaa bado?

Halafu linakuja tukio lililoanzisha ugomvi wote. Walker na wenzake wanafika kwenye lango linalolindwa na askari wengi wa kikosi cha 33. Hapo pana mota yenye makombora ya fosforasi nyeupe, kemikali inayoendelea kuunguza mwili ikishaugusa. Lugo anapinga isitumike. Walker anasema hakuna njia nyingine. Unapewa skrini yenye picha kutoka angani, watu ni vidoa vyeupe tu, na uso wa Walker unaonekana kwa mbali ukiakisiwa kwenye kioo. Unalenga, unabonyeza, vidoa vinazimika. Mwishoni kuna kundi kubwa la vidoa limesongamana mahali pamoja. Wengi walilipiga bila kufikiri mara mbili.

Kisha gemu inakulazimisha kutembea katikati ya ulichofanya. Lile kundi lilikuwa la raia waliokuwa wamehifadhiwa na askari wale wale. Kuna mama aliyeungua amemkumbatia mtoto wake, na kamera haikimbii. Inakaa.

Hapo wachezaji wakagawanyika. Kundi la kwanza walisema hawajawahi kuguswa hivyo na gemu. Miaka yote walikuwa wamebonyeza tu kwa sababu skrini imesema bonyeza, na hii ndiyo gemu ya kwanza iliyowauliza kwa nini. Mhakiki Brendan Keogh wa Australia aliandika kitabu kizima kuihusu mwaka huo huo wa 2012, akiifuatilia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Si gemu nyingi za risasi zinazopata heshima hiyo!

Kundi la pili walikasirika, na hoja yao ina nguvu. Walijaribu kutotumia mota ile. Walipigana kwa bunduki za kawaida, wakakuta askari wa adui wanaendelea kutokea bila kikomo mpaka mchezaji ashindwe. Yaani msimbo hauna tawi lingine. Ukitaka hadithi iendelee, lazima uchome. Sasa inakuwaje unifungie milango yote isipokuwa mmoja, kisha unilaumu kwa kupita humo? Jibu lililotolewa na Williams ni kwamba mlango ulikuwepo: kuacha kucheza. Weka kidhibiti chini, zima mashine. Wenye hasira wakajibu kwamba mtu aliyelipa pesa zake kununua gemu hawezi kuambiwa adili ni kutoicheza.

Kulikuwa na kundi la tatu pia, ambalo halikujali falsafa. Wao walisema ufyatuaji wenyewe ni wa kawaida mno: jibanze, piga, sogea, rudia. Wahakiki wengi walikubaliana nao kwa kiasi, maana wastani wa alama ulibaki kati ya 70 na 80 kwa 100. Wapo waliotetea kwamba uchovu huo ulikusudiwa ili tuchoke kuua. Mimi sishawishiki sana na utetezi huo, kwa maana ni rahisi mno kuita udhaifu wa kazi yako kuwa ni sanaa. Isitoshe, kulikuwa na sehemu ya kushindana mtandaoni iliyotengenezwa na studio nyingine, ambamo watu waliuana kwa pointi kama kawaida, kinyume kabisa na ujumbe wa hadithi. Cory Davis, kiongozi wa ubunifu wa gemu hii, aliilalamikia hadharani mwaka 2012 kwamba iliwekwa kwa matakwa ya kibiashara tu. Mauzo nayo hayakufikia matarajio ya Take-Two. Falme za Kiarabu ziliipiga gemu hiyo marufuku.

Basi nani ana haki? Kwangu mimi jibu haliko kwenye mota peke yake. Ugomvi wote ulijikita pale, na tukio lingine la karibu na mwisho likazungumzwa kidogo. Tuliangalie.

Lugo anakamatwa na umati wa raia wenye hasira, wale wale walioteseka kwa matendo ya Walker, na wanamnyonga. Unafika umechelewa. Umati unakuzunguka, unakusukuma, unakutupia mawe. Adams anapiga kelele akitaka ruhusa ya kufyatua. Skrini haikuonyeshi kitufe chochote, haikupi orodha ya A au B. Una bunduki mkononi na watu mbele yako. Wachezaji wengi waliwamiminia risasi raia, wakiamini kwamba ni mota tena, hakuna njia nyingine.

Kumbe ipo! Ukielekeza bunduki juu na kufyatua hewani, umati unatawanyika na hakuna anayekufa. Hadithi inaendelea.

Mwenzangu unayeandika programu utaona uzito wa jambo hili. Kuna mtu aliketi Berlin akaandika sharti kwa ajili ya tendo ambalo hakulitangaza popote. Hakuweka alama wala kidokezo. Alimsubiri tu mchezaji ajaribu. Na kulikuwa na tukio lingine kabla ya hapo lililofanana nalo: watu wawili wananing'inizwa, mmoja ameiba maji, mwingine ni askari aliyeua familia ya mwizi huyo wakati wa kumkamata. Unaambiwa uchague wa kumpiga risasi. Lakini ukizipiga kamba, au ukiwapiga wadunguaji wanaokulinda usitoroke, programu inalipokea jibu lako. Baadaye unagundua Walker alikuwa akiona njozi na wale wawili walikuwa maiti tangu mwanzo, lakini chaguo lako lilishafanyika.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwenye mota, waliokasirika wana haki: pasipo na tawi hakuna chaguo, na lawama ni ya aliyeuandika msimbo. Kwenye umati, walioguswa wana haki: tawi lilikuwepo, na aliyeua raia aliua mwenyewe. Tukio la kwanza linakuzoesha kuamini kwamba ulichoonyeshwa ndicho pekee kinachowezekana, na la pili linapima kama umeamini. Ndiyo maana wachezaji wawili wangeweza kutoka kwenye gemu moja wakiwa na hisia mbili tofauti kabisa, na wote wasiwe waongo.

Jambo hili halihusu gemu tu. Sisi watengenezaji wa programu tunaamua kila siku mtumiaji aone vitufe gani. Tukiweka "Kubali" kubwa ya kijani na kuificha "Kataa" ukurasa wa tatu, tumemjengea mota. Tukisema baadaye "alikubali mwenyewe", tunaongea kama Walker.

Sitaki kuipamba gemu hii kupita kiasi. Mwaka 1975 Chinua Achebe alimshutumu Conrad kwamba aliifanya Afrika kuwa pazia tu la nyuma, mahali pa mzungu mmoja kupotelea akili, huku Waafrika wakiwa hawana sauti. Gemu ilirithi kasoro hiyo pamoja na hadithi. Wahusika wake wakuu ni Wamarekani: askari, majasusi, hata yule mtangazaji wa redio. Wakazi wa Dubai wapo ili wafe na kumfanya Walker ajute. Sisi tunaoijua Dubai kupitia ndugu zetu waliokwenda kufanya kazi huko, na wafanyabiashara wa Eastleigh wanaoleta mizigo kutoka huko, tunajua mji ule umejaa watu wenye majina na hadithi zao. Ndani ya gemu hawapo.

Na sasa kuna tatizo jingine. Mwishoni mwa Januari 2024 gemu hii iliondolewa kwenye duka la Steam, na 2K ilieleza kwamba leseni kadhaa za washirika zilikuwa zimekwisha muda. Waliokuwa wameinunua walibaki na haki ya kuipakua. Kitabu cha Conrad cha mwaka 1899 unaweza kukipata bure mtandaoni leo, lakini gemu ya mwaka 2012 ilitolewa rafuni kabla haijafikisha miaka 12. Kama una diski yake ya zamani, itunze, usiipe watoto waifanyie kioo cha baiskeli!

Haya, mimi nimesema yangu. Kama uliwahi kuicheza, nijibu kwa ukweli: ulipofika mbele ya ule umati, ulielekeza bunduki wapi?