Mtegemezi na Tegemeo: Hesabu ya Watu katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika huko Magomeni na Temeke, vitongoji vilivyokuwa pembezoni mwa mji. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1957 iliukuta mji wa Dar es Salaam una wakazi 128,742. Ile ya 2022 iliukuta mkoa mzima una watu 5,383,728.

Lakini wingi peke yake si neema. Nchi hunufaika pale uzazi upunguapo, na watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 wakawa wengi kuliko watoto na wazee wanaowalea. Ndivyo ilivyokuwa Korea ya Kusini baada ya miaka ya 1960. Katika Tanzania badiliko hilo laenda polepole. Mwaka wa 1978 watoto walio chini ya miaka 15 walikuwa takriban 46 katika kila watu 100. Mwaka wa 2012 walikuwa 44, na mwaka wa 2022 walikuwa 43.

Tena tarakimu zataka kusomwa kwa hadhari. Kinondoni ilihesabiwa watu 1,775,049 mwaka wa 2012, na 982,328 mwaka wa 2022. Asiyejua historia atadhani watu wamehama, kumbe wilaya ndiyo iliyomegwa ikazaliwa Ubungo. Vivyo hivyo Kigamboni ilitoka katika Temeke.

Hadhari hiyo yahitajika pia katika maneno. Wahesabu watu humwita mtoto na mzee "mtegemezi". Neno hili na neno "tegemeo" yote mawili yatokana na kitenzi "tegemea": la kwanza ni yule aegemeaye, la pili ni kile kiegemewacho. Kipimo hutenga mawili hayo kwa umri tu. Hivyo bibi wa miaka 70 auzaye vitumbua Temeke na kulisha wajukuu huandikwa mtegemezi, na kijana wa miaka 25 asiye na kazi, alishwaye na bibi huyo, huhesabiwa kuwa tegemeo.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza vijana ni wangapi. Yapasa kuuliza pia wangapi wamesoma, na wangapi wana kazi iwapatiayo riziki. Pasipo hayo, tarakimu zaweza kutangaza faida ambayo nyumba za Temeke na Kinondoni hazijaiona.