Siri Yenye Ngazi: Bwami ya Warega na Taarifa za Simu

Simu moja ya mkononi hubeba vihisi vingi: cha mwendo, cha mwanga, cha kutambua mahali, pamoja na kinasa sauti na kamera. Zipo programu zinazojirekebisha kufuatana na hali ya mwenye simu, kama anatembea au amelala, yuko sokoni au kazini, na uhai wa programu hizo ni kuchota taarifa za vihisi hivyo. Wahandisi huulizana jinsi programu hizo zitakavyogawana taarifa pasipo kumvunjia mtu faragha, na mara nyingi swali hilo huzungumzwa kana kwamba lilizaliwa pamoja na simu. Historia ya Warega wa Pangi, wilaya ya Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambamo mji wa Kampene umo, inaonyesha vingine. Huko, kwa vizazi vingi, watu wasio na mfalme walitunza na kugawana maarifa yao ya thamani kwa kuzingatia nani apewe nini, katika tukio gani, mbele ya nani. Nashikilia kwamba utaratibu huo ulikuwa na busara ambayo mifumo ya ruhusa ya simu zetu bado haijaifikia.

Utaratibu wenyewe ulikaa ndani ya chama kiitwacho bwami. Warega hawakuwa na dola wala kiti kimoja cha enzi; wenye kusikilizwa walikuwa wale waliopanda ngazi za chama hicho, kuanzia kongabulumbu, kupitia ngandu na yananio, hadi kindi iliyo kileleni. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, ya juu ikiwa bunyamwa, na walipanda sambamba na waume zao. Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji aliyefanya utafiti kwa Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake Lega Culture mwaka 1973, alieleza kwa kina jinsi mafunzo yalivyotolewa. Kila ngazi ilikuwa na vitu vyake: vinyago vidogo vya mbao viitwavyo lukwakongo vilikuwa vya yananio, na sanamu za pembe za ndovu ziitwazo iginga zilikuwa za wakubwa wa kindi. Vitu vilitolewa kapuni, vikachezewa ngoma na kuimbiwa methali, kisha vikarudi kapuni. Baadhi ya makapu yalikuwa mali ya kundi zima, yakiwa mikononi mwa mtunzaji aliyeyashika kwa niaba ya wenzake. Kilichonivutia zaidi ni hiki: kitu kilekile kiliweza kufundisha jambo moja katika sherehe hii na jambo jingine katika sherehe ile. Maana haikukaa ndani ya kitu peke yake. Ililetwa na wimbo, na zamu ya kitu hicho katika mafunzo, na watu waliokuwapo.

Ushahidi wa hilo uko Ulaya. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, vinyago na sanamu za Warega zilichukuliwa kwa wingi na kuishia katika makumbusho, likiwamo lile la Tervuren, na katika nyumba za wakusanyaji. Waliokuwa navyo walivishika mikononi, wakavipima na kuvipiga picha, lakini kwa miaka mingi walivieleza kwa kubahatisha. Aliyechukua kitu hakuwa amechukua elimu. Serikali ya kikoloni ilishindwa kuliona hilo. Kwake, siri ya Waafrika ilikuwa njama, na mwaka 1948 bwami ilipigwa marufuku rasmi. Ni zama zilezile ambazo kampuni ya Cobelmin ilichimba madini Kampene, na utawala ulitaka kila mtu aandikwe, ahesabiwe na ajulikane alipo. Dai kwamba asiye na uovu hana cha kuficha lina umri mrefu katika nchi hii, na aghalabu limetoka kwa mwenye nguvu ambaye yeye mwenyewe hakufunua chochote.

Sasa tutazame simu. Hadi mwaka 2015, anayeweka programu kwenye simu ya Android alikubali maombi yake yote kwa mkupuo au akaikosa kabisa. Toleo la 6.0 ndilo lililoanza kuuliza ruhusa moja moja wakati wa matumizi. Apple mwaka 2020, kisha Android mwaka 2021, ziliruhusu mtu kutoa eneo la makadirio badala ya mahali kamili. Hatua hizo ni njema, lakini bado ni mlango wa ndiyo au hapana, na programu iliyopewa ruhusa ya kudumu mara nyingi hubaki ndani hata sherehe inapokwisha. Tena vipo vihisi ambavyo havikuwa na mlango kabisa. Mwaka 2014 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba jairoskopu ya simu, ambayo programu iliisoma bila kuomba ruhusa, inaweza kunasa dalili za maneno yanayosemwa karibu nayo. Na Januari 2018 ilibainika kuwa ramani ya kampuni ya Strava, iliyokusanya njia za wakimbiaji bila kutaja jina la mtu, imechora kambi za kijeshi zilizokuwa zimefichwa.

Hapa ndipo hoja yangu inapogusana na pingamizi zito kuliko yote: sanamu ya iginga haikusema kitu bila methali, lakini taarifa ghafi za kihisi husema. Mashine huzisoma na kuzitungia maana ambayo mwenye simu hakuikusudia. Ni kweli, na tofauti hiyo haipaswi kufunikwa. Lakini inanipeleka mbele badala ya kunirudisha nyuma. Ikiwa kitu chenyewe kina hatari, basi kisitoke kapuni. Programu inayonyamazisha mlio wakati wa mkutano haihitaji sauti zilizonaswa chumbani. Inahitaji kuambiwa mkutano upo au haupo. Inayohesabu hatua haihitaji kujua zilipigwa wapi. Mfumo wa simu ukiwa mtunzaji wa kapu, usome vihisi wenyewe, uamue hali ni ipi, na uipe kila programu jibu linalolingana na kazi yake na wakati wake, huku taarifa ghafi zikibaki ndani. Mwanafalsafa Helen Nissenbaum alijenga mwaka 2004 nadharia kwamba faragha huvunjika pale taarifa inapotolewa nje ya muktadha wake na kupelekwa penye kanuni nyingine. Wazee wa kindi wangemwelewa bila kuelezwa mara mbili.

Wengine watasema bwami ilikuwa ya wenye mali, na kwamba siri zake ziliwaweka wengi nje. Kupanda kulidai mali nyingi kweli, ingawa ndugu walichangia, na sitaki kuipamba jamii ambayo haikumpa kila mtu nafasi sawa. Hata hivyo, kilichofichwa ni yaliyomo, si kanuni. Kila mtu kijijini alijua ngazi zipo, nani yuko kwenye ipi, na njia ya kuifikia ni ipi. Kofia na mapambo ya kindi yalivaliwa hadharani. Kwenye simu mambo yamegeuzwa: yetu yako wazi, na kanuni za wanaoyagawana zimefichwa ndani ya masharti marefu yasiyosomeka.

Pingamizi la mwisho latoka migodini. Kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na baadaye mifuko ya madini ikaanza kufungwa lebo zenye namba ili chanzo chake kifuatiliwe. Je, hapa uwazi si bora kuliko siri? Ni bora, kwa swali linaloulizwa. Mnunuzi wa mbali anahitaji kuthibitishiwa kwamba bati hili halikulisha kundi lenye silaha. Hahitaji maisha yote ya mchimbaji. Kipimo hicho kinafaa simu pia: Kongo ilipata Kanuni ya Dijitali Machi 2023, yenye sehemu inayolinda data binafsi, na watakaoisimamia watalazimika kuamua kapu la vihisi vya simu linashikwa kwa niaba ya nani: ya kampuni iliyoitengeneza, au ya mwenye simu.